Sanamu ya Stanley, Picha ya Anguko Lake na Historia Iliyoachwa Buha

Mwaka 2004 Guy Tillim, mpigapicha wa Afrika Kusini aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1962, alipiga jijini Kinshasa picha ya sanamu ya Henry Morton Stanley, mpelelezi ambaye katika karne ya 19 alilivuka bara la Afrika kutoka pwani ya mashariki hadi mdomo wa Mto Kongo. Picha hiyo, ambayo ni sehemu ya mfululizo wa kazi zake unaowataja kwa pamoja Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji na Rais Mobutu Sese Seko wa Kongo, haimwonyeshi Stanley akiwa amesimama kama alivyokusudiwa na waliomtengeneza, bali inamwonyesha akiwa amelazwa juu ya boti kuukuu ya chuma, miguu yake imekatika, na hadhi yote aliyopewa na serikali ya kikoloni imemtoka. Maelezo yanayoambatana nayo yanasema tu kwamba hiyo ndiyo sanamu iliyokuwa ikiutazama mji wa Kinshasa kutoka juu enzi za ukoloni, na ufupi wa maelezo hayo humwachia mtazamaji kazi ya kutafuta mwenyewe jinsi sanamu ya heshima ilivyofikia hali hiyo.

Kwa msomaji wa Buha, yaani nchi ya Waha iliyo katika miinuko ya Kasulu, Kibondo na wilaya jirani za Mkoa wa Kigoma, picha hiyo si habari ya mji wa mbali usiomhusu. Stanley alipita katika nchi ya Waha miaka mingi kabla ya kuanzisha kituo kilichokuja kuwa Kinshasa, na maandishi yake mwenyewe kuhusu siku hizo chache yana ushahidi ambao sanamu ilijengwa kwa namna ya kuuficha, kwamba ardhi aliyoitembea ilikuwa na wenyewe, ilikuwa na watawala na sheria, na kwamba mgeni aliyetaka kuipita alipaswa kuomba na kulipa. Makala haya yanafuatilia historia ya sanamu hiyo na ya picha yake, na kuonyesha kwamba historia hiyo haikamiliki mpaka Buha nayo ipewe nafasi yake ndani yake.

Mgeni katika nchi yenye wenyewe

Stanley alizaliwa mwaka 1841 katika mji wa Denbigh huko Wales kwa jina la John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, kisha akahamia Marekani ambako alichukua jina jipya na hatimaye kuwa mwandishi wa habari. Mwaka 1869 gazeti la New York Herald lilimpa kazi ya kwenda Afrika kumtafuta David Livingstone, mmisionari na mpelelezi ambaye habari zake zilikuwa zimepungua Ulaya, naye akaondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 akiwa na msafara wa wapagazi, askari na viongozi wa njia walioajiriwa Zanzibar na pwani. Miongoni mwao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, ambaye tayari alikuwa amefuatana na Richard Burton na John Hanning Speke hadi Ziwa Tanganyika mwaka 1858, na ambaye uzoefu wake wa njia za bara ulimzidi sana mwajiri wake mpya.

Baada ya kukaa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, ambako vita kati ya Waarabu na Mtemi Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya kawaida ya kwenda Ujiji, msafara ulizunguka kusini, ukauvuka Mto Malagarasi na kuingia nchi ya Waha mwanzoni mwa Novemba kwa hesabu ya tarehe ya Stanley mwenyewe. Njia hiyo ilipita kusini zaidi ya vilima vya Nyakitonto huko Kasulu, katika nyanda za upande wa Uvinza na Mto Rusugi zilizokuwa maarufu kwa chumvi. Hapo msafara ulikutana na utaratibu uliojulikana katika njia zote za biashara za Afrika Mashariki kwa jina la hongo, neno ambalo siku hizi hutumika kwa rushwa, lakini ambalo wakati huo lilikuwa na maana ya ushuru halali aliolipwa mtawala na msafara uliopita katika nchi yake, kwa ajili ya ruhusa, maji, chakula na usalama. Ushuru huo ulihesabiwa kwa doti, yaani kipande cha nguo chenye urefu wa yadi nne hivi, kwa kuwa nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njia za bara.

Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1872 kuhusu safari hiyo, Stanley anaeleza kwamba mtawala mmoja aliyemwita Mionvu alimtaka alipe doti 100, na kwamba baada ya majadiliano marefu alilipa 75. Anaongeza kwamba siku iliyofuata alidaiwa ushuru mwingine kwa niaba ya ndugu wa mfalme wa nchi hiyo, kisha akaarifiwa kwamba mbele yake wapo watawala wengine watano ambao kila mmoja wao angetaka haki yake. Alipoona kwamba mali yote ingekwisha kabla ya kufika Ujiji, aliamua kutoroka usiku. Alimlipa mtu aliyeijua njia ya msituni, akaamuru msafara uondoke kimyakimya, na mwanamke mmoja wa msafara alipopiga kelele kwa hofu na kukataa kunyamaza, Stanley, kwa maelezo yake mwenyewe, alimchapa mjeledi mpaka akanyamaza. Siku chache baadaye aliingia Ujiji huku bendera ikipepea na bunduki zikilia, na mkutano wake na Livingstone ukawa mojawapo ya habari za magazeti zilizojulikana zaidi katika karne ile.

Stanley aliyaandika madai ya Waha kama uporaji, lakini maandishi yake yanathibitisha jambo ambalo hakulikusudia. Mfululizo wa watawala waliojua mipaka yao, waliopashana habari za msafara kabla haujafika, na waliojadiliana kwa saa nyingi kuhusu kiwango cha malipo, ni dalili ya nchi yenye serikali. Buha ilikuwa na falme kadhaa, zikiwamo Heru, Muhambwe na Buyungu, kila moja ikiwa na mfalme aliyeitwa mwami, na chini yake watwale waliosimamia maeneo madogo, huku wateko, yaani wazee wenye mamlaka ya kimila juu ya ardhi, wakishughulikia ugawaji wa mashamba na matambiko ya nchi. Mtu anayepita usiku ili asilipe ushuru hawezi kudai kwamba nchi aliyoipita haikuwa na mwenyewe, kwa kuwa kutoroka kwenyewe ni ushahidi kwamba alijua mwenyewe yupo.

Kutoka Ujiji hadi Mlima Ngaliema

Safari iliyomletea Stanley sanamu ya Kinshasa ilianza Novemba 1874, alipoondoka tena Bagamoyo akiwa na msafara mkubwa zaidi na boti ya vipande iliyoitwa Lady Alice, ambayo ilibebwa mabegani na wapagazi na kuunganishwa kila ilipohitajika majini. Baada ya kulizunguka Ziwa Victoria alifika Ujiji mwaka 1876, akalizunguka pia Ziwa Tanganyika, kisha akavuka kwenda Manyema na kufika Nyangwe kando ya Mto Lualaba. Katika eneo hilo aliingia mkataba na Hamed bin Muhammed al-Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ili amsindikize kwa sehemu ya njia kwa ujira wa fedha.

Tippu Tip aliacha maelezo ya maisha yake kwa Kiswahili, yaliyochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, nayo ni hazina kwa wasomaji wa lugha hii kwa sababu yanamwonyesha Stanley kwa macho ya mtu aliyefanya naye kazi bila kumwogopa wala kumtukuza. Humo analalamika kwamba ahadi nyingi za zawadi hazikutimizwa, na kwamba alichokipokea kutoka Ulaya ni picha ya Stanley mwenyewe. Malalamiko hayo yanadokeza jinsi Stanley alivyoielewa mapema nguvu ya picha iliyochapwa. Mwaka 1872 alikuwa tayari amepigwa picha London akiwa na mavazi ya safari, pamoja na kijana Mwafrika aliyeitwa Kalulu, na nakala za picha hizo ziliuzwa kwa umma uliotaka kumwona shujaa wa magazeti. Kalulu huyo alikufa maji mwaka 1877 katika maporomoko ya Mto Kongo, na Wazungu wote watatu walioanza safari pamoja na Stanley walikufa pia kabla msafara haujafika Boma, karibu na mdomo wa mto huo, mwezi Agosti mwaka huo, pamoja na Waafrika wengi waliokufa kwa njaa, ndui, mapigano na kuzama.

Habari za safari hiyo zilimfikia Mfalme Leopold wa Pili, ambaye tangu mwaka 1876 alikuwa ameunda chama cha kimataifa kilichodai kuwa na malengo ya kisayansi na ya kupinga utumwa, lakini ambacho kilimsaidia kujipatia koloni. Stanley alikubali kumtumikia, akarudi Kongo mwaka 1879, akasimamia ujenzi wa barabara na vituo kando ya mto, na kukusanya mikataba ambayo kwayo machifu waliandikwa kuwa wameikabidhi ardhi yao. Mwaka 1881 alianzisha kituo alichokiita kwa jina la mfalme huyo, Léopoldville, kando ya ziwa la mto ambalo wakati huo lilipewa jina lake mwenyewe. Mtawala mwenye nguvu katika eneo hilo alikuwa Ngaliema, mfanyabiashara wa pembe aliyefanya na Stanley undugu wa kuchanjiana, na ambaye mara kadhaa alibadili msimamo kadiri alivyoielewa nia ya mgeni wake. Ngaliema na Mionvu wa Buha walishika nafasi moja katika historia hii, kwa kuwa wote wawili walikuwa wenye nchi ambao Stanley alilazimika kuzungumza nao kwa sababu wakati huo hakuwa na nguvu ya kuwapuuza.

Shaba kwa ajili ya utawala uliokuwa ukimalizika

Sanamu iliyopigwa picha na Tillim ilitengenezwa na Arthur Dupagne, mchongaji wa Ubelgiji aliyewahi kuishi na kufanya kazi Kongo, na ilisimamishwa Léopoldville mwaka 1956 katika kilima kilichoitwa Mlima Stanley. Ilitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na bati, madini yanayopendwa na wachongaji kwa kuwa huyeyuka vizuri, huchukua umbo kamili la kalibu, na hustahimili mvua na jua kwa karne nyingi. Uchaguzi wa madini hayo, pamoja na wa kilima kinachoutazama mto, ulikuwa tamko la kisiasa, kwani serikali iliyotumia gharama hizo ilitaka wakazi wa mji waamini kwamba historia yao ilianza siku Stanley alipofika, na kwamba utawala uliomfuata ungedumu kama shaba yenyewe.

Wakati huohuo idara ya habari ya koloni, kupitia shirika lake la picha lililoitwa Congopresse, ilikuwa ikisambaza picha za barabara pana, madaraja, hospitali na minara ya mji kwa magazeti na wachapishaji wa kadi za posta, ili Ulaya ione koloni lililotulia. Hata hivyo kamera hazikuwa mikononi mwa serikali peke yake. Jean Depara, mzaliwa wa Angola aliyefanya kazi Léopoldville tangu miaka ya 1950, alikuwa akipiga picha za wanamuziki, vijana na maisha ya usiku ya mji huohuo, na picha zake zinaonyesha wakazi waliojitengenezea mji wao bila kuhitaji ruhusa ya mtu wa shaba aliyesimama kilimani. Miaka minne tu baada ya sanamu kusimamishwa, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipata uhuru.

Picha iliyokuwa imekwisha kutoa ushahidi tofauti kuhusu urithi wa Stanley ilikuwapo tangu mwaka 1904. Mwaka huo Alice Seeley Harris, mmisionari wa Kiingereza, alimpiga picha mwanamume aliyeitwa Nsala, ameketi na kutazama mkono na mguu wa binti yake mdogo aliyeuawa na askari wa kampuni ya mpira katika dola binafsi ya Leopold iliyojengwa Kongo juu ya mikataba ile ya Stanley. Picha za namna hiyo zilionyeshwa katika mikutano ya hadhara Uingereza na Marekani, zikaipa nguvu kampeni iliyochangia kumlazimisha Leopold aikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908. Anayeilinganisha picha ya Nsala na sanamu ya mwaka 1956 hupata jibu kwa swali la kwa nini serikali ya kikoloni ilihitaji mnara mkubwa hivyo, maana mnara ulitakiwa kuwa mrefu kuliko kumbukumbu ya waliouawa.

Kuangushwa na kupigwa picha upya

Mwaka 1966 serikali ya Mobutu iliubadilisha mji wa Léopoldville kuwa Kinshasa, na Stanleyville kuwa Kisangani. Mwaka 1971, katika siasa iliyoitwa ya uasilia, ambayo ilidai kuirejesha nchi katika majina na desturi zake za kale, jina la nchi likawa Zaire, na sanamu ya Stanley ikaondolewa kilimani. Mlima Stanley ukaitwa Mlima Ngaliema, na ziwa la mto likaitwa Pool Malebo. Mtawala wa kale, ambaye jina lake lilikuwa limefunikwa na la mgeni wake kwa takribani miaka 90, alirudishiwa kilima chake.

Haki hiyo, hata hivyo, ilitolewa na serikali ambayo yenyewe ilikuwa ikiwanyima raia uhuru na kuitumia mali ya nchi kwa faida ya wachache, na ndiyo maana Tillim aliyaunganisha majina ya Leopold na Mobutu katika mfululizo mmoja. Sanamu haikuyeyushwa wala haikuhifadhiwa kwa heshima, bali iliachwa katika uwanja mmoja jijini kama chuma chakavu, na kwa zaidi ya miaka 30 haikuwa na nafasi yoyote katika mjadala wa wazi kuhusu historia ya nchi. Februari 2005, mwaka mmoja tu baada ya picha ya Tillim, serikali iliisimamisha tena katikati ya Kinshasa sanamu ya Leopold wa Pili akiwa juu ya farasi, lakini ikaondolewa baada ya muda mfupi mno. Baadaye sanamu ya Stanley ilikarabatiwa na kuwekwa katika bustani ya makumbusho ya Mlima Ngaliema, mahali ambapo mtazamaji huipata kama kitu cha kuchunguzwa, wala si kama kiongozi wa kusujudiwa. Tofauti kati ya kilima na bustani ya makumbusho ni kubwa, kwa kuwa kilimani sanamu ilizungumza peke yake, ilhali katika makumbusho inaweza kuulizwa maswali.

Thamani ya picha ya mwaka 2004 inatokana na kwamba ilipigwa katika kipindi cha kati, wakati sanamu ilikuwa imeshaondolewa katika heshima na haijaingizwa katika elimu. Picha ya kadi ya posta ya miaka ya 1950 ilihifadhi heshima bila kuhoji, nayo hatua ya mwaka 1971 ilikusudia kuifuta heshima hiyo bila kueleza. Picha ya Tillim inayaweka mambo yote mawili mbele ya macho kwa wakati mmoja, kwa kuwa mtazamaji anaona ustadi wa mchongaji katika uso na mavazi, kisha anaona miguu iliyokatika, na hawezi kulielewa moja bila lingine. Hali ya sasa ya sanamu haiwezi tena kulionyesha jambo hilo, na kwa hiyo picha imekuwa hati ya kihistoria kwa haki yake yenyewe.

Ni vema pia kufahamu maana ya picha iliyochapwa katika fani ya upigaji picha. Mpigapicha huwa na picha ya asili, ama katika filamu ama katika faili la kompyuta, na kutokana nayo huchapa nakala moja moja kwa uangalizi wake, mara nyingi kwa wino wa chembechembe za rangi juu ya karatasi ya pamba, ambayo haina tindikali na kwa hiyo haigeuki manjano upesi. Nakala hizo hutolewa kwa idadi iliyopangwa, kisha hununuliwa na makumbusho na wakusanyaji wa sanaa, wengi wao wakiwa Ulaya, Marekani na Afrika Kusini. Utaratibu huo huilinda kazi ya msanii, lakini pia una matokeo yanayopaswa kufikiriwa, kwa sababu watu wa Kinshasa na wa Kigoma, ambao ndio wenye historia inayoonyeshwa, mara nyingi huwa mbali na kuta ambazo nakala hizo hutundikwa.

Buha na Kongo katika historia moja

Uhusiano wa Buha na mambo hayo haukuishia katika safari ya mwaka 1871. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Kongo ya Kibelgiji, yaliyoundwa kwa kiasi kikubwa na askari Waafrika, yaliiteka Kigoma mwezi Julai 1916 na kuingia Tabora mwezi Septemba, na kwa miaka iliyofuata hadi 1921 Ubelgiji iliitawala Kigoma na Buha, kabla ya kuikabidhi kwa Waingereza waliokuwa wamepewa dhamana ya Tanganyika. Kwa hiyo serikali ileile ambayo baadaye ilimsimamishia Stanley sanamu iliwahi kutoa amri kwa watwale wa nchi aliyoitoroka usiku. Chini ya Waingereza Buha iligeuzwa kuwa chimbuko la vibarua, na Waha kwa maelfu walisafirishwa kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Nchi iliyokuwa ikitoza ushuru misafara ya wengine ikawa nchi ya kutoa misafara ya watu wake wenyewe.

Mwishoni mwa karne ya 20 mwelekeo wa njia uligeuka tena. Mwaka 1996, vita vilipozuka mashariki mwa Kongo, maelfu ya watu walivuka Ziwa Tanganyika na kupokelewa Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika Wilaya ya Kasulu. Wengi wao walitoka Kivu ya Kusini na walikuwa wakizungumza Kiswahili, lugha iliyoenea Kongo kwa njia zilezile za misafara ambazo Stanley alizitumia. Wenyeji wa Kasulu na Kibondo, ambao pia wamewapokea wakimbizi wa Burundi kwa vipindi mbalimbali, wanayajua matokeo ya historia ya Kongo kwa ujirani wa kila siku, wala hawayajui kwa vitabu peke yake.

Katika mkoa huohuo, mji wa Ujiji una mnara wa kumbukumbu wenye ramani ya Afrika yenye msalaba, uliojengwa mahali panapotajwa kuwa Stanley alikutana na Livingstone chini ya mwembe, pamoja na makumbusho yanayowaeleza wageni habari za njia ya misafara. Kwingineko duniani mjadala bado ni mkali. Denbigh, mji alikozaliwa Stanley, ulimsimamishia sanamu mwaka 2011, na baada ya malalamiko mengi wakazi walipiga kura mwaka 2021, ambapo wengi wa waliojitokeza walichagua ibaki. Mtazamo wa watu wa Denbigh ni haki yao, lakini hauwezi kuwa hukumu ya mwisho juu ya mtu ambaye sifa yake ilijengwa kwa migongo ya wapagazi wa pwani na Unyamwezi, na kwa kuvuka nchi za watu ambao hawakuulizwa kama wanakubali kuitwa wamegunduliwa.

Shule za sekondari za Tanzania hufundisha kwamba wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara walikuwa mawakala wa ukoloni, yaani watangulizi waliofungua njia ya utawala wa kigeni, na mafundisho hayo ni sahihi. Kinachokosekana mara nyingi ni mfano wa karibu. Mwanafunzi wa Nyakitonto anaweza kuipata maana ya somo hilo katika ardhi ya mkoa wake, akilinganisha hesabu ya doti alizolipa Stanley kwa watawala wa Waha na mikataba ambayo miaka michache baadaye aliwasainisha machifu wa Kongo. Katika tukio la kwanza mgeni alilipa ili aruhusiwe kupita, na katika la pili mwenye nchi aliandikwa kuwa ameitoa nchi yenyewe. Mabadiliko yaliyotokea kati ya matukio hayo mawili ndiyo historia ya kuingia kwa ukoloni, na hayahitaji kuelezwa kwa maneno makubwa kwa sababu yanasomeka katika hesabu.

Kazi iliyobaki ni ya wenye historia. Picha ya sanamu ya Stanley inaweza kuonyeshwa katika makumbusho ya Ujiji na katika madarasa ya Kasulu na Kibondo, ikiambatana na maelezo ya Kiswahili yanayomtaja Dupagne aliyeichonga, Ngaliema aliyerudishiwa kilima, Bombay na wapagazi waliobeba mizigo, Kalulu aliyezama, Nsala aliyepigwa picha akiwa na msiba wake, na Mionvu aliyedai haki ya nchi yake na kulipwa. Wazee wa Buha wanaozijua falme za Heru, Muhambwe na Buyungu wanastahili kurekodiwa na kuandikwa sasa, kwa kuwa Stanley ameacha kitabu, sanamu na picha, ilhali mengi ya waliomtoza ushuru yamehifadhiwa katika vichwa vya watu walio hai. Elimu itakayoviweka vyanzo hivyo vyote pamoja mbele ya mtoto wa Nyakitonto itamwonyesha kwamba nchi yake haikungoja mpelelezi aigundue, kwamba ilikuwa na utawala uliomdai mgeni ushuru, na kwamba yeye ni mrithi halali wa utawala huo.